Walichosema Wakivaa Makoti

Mara ya tatu yule mtu alipobaki nyuma mpaka makoti yote yakaisha, Sanavbar alijua kwamba hakuja kutazama mchezo.

Ilikuwa Jumapili mchana, Stalinabad, mji mkuu wa Tajikistan ya Kisovieti, katika majira ya baridi ya mwaka 1950. Sanavbar alikuwa na mwaka wa tisa katika chumba cha makoti, chini ya ngazi za ukumbi wa maonyesho. Jukwaa lenyewe hakuwahi kuliona. Michezo aliijua kwa waliyosema watu wakirudisha vibati vyao vya namba: kwamba mzee amekufa vizuri lakini amechukua muda mno, kwamba bibi harusi ana sauti ya jirani aliyekuja kuazima chumvi, kwamba kitabu kilikuwa kitamu kuliko mchezo huu, na filamu ya juma lililopita mbovu kuliko vyote viwili. Mtu husema ovyo akiwa na mkono mmoja ndani ya koti.

Mchezo wa mwezi ule ulihusu kijiji kinachochimba mfereji, na mwenyekiti wake, bwana wa majivuno na kikohozi. Watu walishuka wakifuta machozi ya kicheko.

Yule mtu alikuwa wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye adabu. Alimwita mama. Aliuliza watu wamesemaje leo, wamecheka wapi, nani hakupendezwa. Kila alilojibiwa aliliandika katika daftari dogo. Mara nyingine alishuka kabla mchezo haujaisha, na sauti za waigizaji zikipenya mlangoni, Sanavbar alimwona akichezesha midomo, akiwafuata neno kwa neno, kama mtu anayekariri ushahidi.

Sanavbar aliwajua watu wa kuuliza-uliza. Miaka kumi na mitatu nyuma, mumewe Rajabali, akinywa chai na wenzake, alisema kwamba filamu waliyoiona jana ilikuwa na ngano nyingi kuliko mashamba yote ya wilaya. Wenzake walicheka. Mmoja wao aliondoka mapema. Rajabali alichukuliwa Ijumaa, na mpaka leo haijulikani alipo. Mkewe alibaki na binti wa miaka saba na funzo moja: katika mambo haya, anayefika wa kwanza ndiye anayesikilizwa.

Kwa hiyo yule mtu alimpa makapi tu. Wamesifu. Wamesema taa zilikuwa nzuri. Mara moja ulimi uliteleza, akasema kuna mzee aliyelalamika kwamba sehemu ya tatu ni ndefu kama treni ya mizigo.

Jumapili iliyofuata watazamaji walishuka wakiulizana mbona sehemu ya tatu imekatwa nusu nzima. Sanavbar alimpa mtu koti lisilo lake. Neno lake moja, lisilo na uzito wowote, lilikuwa limefika mahali. Na yule mzee aliyelalamika, Sanavbar hakumwona tena.

Siku hiyo hiyo binti yake, Munzifa, alikuwa miongoni mwa watazamaji. Sasa alikuwa mwalimu, na ulimi wake ulikuwa wa baba yake. Aliinama juu ya meza akicheka.

"Mama, yule mwenyekiti ndiye mkubwa wetu wa mkoa hasa. Hata kile kikohozi."

"Vaa koti uende nyumbani," mama yake alimwambia kwa sauti ya chini.

Alipoinua macho, yule mtu alikuwa amesimama kando ya nguzo, daftari mkononi. Alisubiri watu waishe.

"Yule msichana mwenye kitambaa cha kijani," alisema, na macho yake yalikuwa yaking'aa. "Nimemsikia. Ni mtu wa kwanza kulisema hilo. Unamjua, mama?"

"Simjui."

"Akija tena, niitie. Ningependa sana kuzungumza naye."

Nyumbani Sanavbar hakumwambia Munzifa kitu. Alimtazama tu akimega mkate na kusahihisha madaftari ya watoto, akipuliza chai vilevile alivyokuwa akipuliza Rajabali.

Asubuhi alivaa vazi lake zuri akaenda kwenye ile nyumba ya njano ya polisi wa siri, ambayo watu huvuka barabara wasiipite karibu. Hesabu yake ilikuwa imekamilika: mpasha habari wao akishatiwa doa, lolote atakaloleta baadaye litanuka. Maneno ya binti yake aliyachukua yote, akayatia katika kinywa cha yule mtu. Alieleza kwamba kuna bwana hushuka chumba cha makoti kila Jumapili, na kwamba amemwambia, kwa kinywa chake mwenyewe, kuwa mwenyekiti wa mchezo ule ndiye mkubwa wa mkoa, hata kikohozi. Jina lake halijui. Sura yake aliieleza.

Ofisa, kijana wa sauti ya upole, aliandika bila kuinua uso, kisha akamsogezea kalamu atie sahihi.

Jumapili, wanaume wawili walisimama penye ngazi. Yule mtu alishuka, wakamshika viwiko, wakatoka naye bila koti kwenye theluji. Mlangoni aligeuka kumtazama Sanavbar, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Sanavbar aliinamia makoti. Wacha walane wenyewe kwa wenyewe, alijiambia, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akavuta pumzi ikafika tumboni.

Jumatatu yule ofisa kijana alimkuta akipanga vibati. Alivua glavu, akampa mkono.

"Sisi tuliuchukulia kama mchezo wa kuchekesha tu," alisema. "Mimi mwenyewe nimeutazama mara mbili, na niliupenda. Bila wewe, mama, tungejuaje mwandishi alikusudia nini?"