Kitovu cha Nunu

Siku hizi kila mtu huzaliwa na kuishi melini, na nchi kavu iliyobaki ni kisiwa cha kampuni, ambako abiria hushuka siku moja tu kwa mwaka. Wenzake Bi Mize walikimbilia viti vya ufukweni na madafu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mnazi ulio nyuma ya bwawa la kuogelea, kitovu kikavu cha mjukuu wake Nunu kikiwa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Langoni walinzi hukagua mchanga unaotoka, kinachoingia hawakiulizi.

Akachimba kwa kijiko cha aiskrimu. Akakuta kifundo cha kitambaa, na ndani yake kitovu cha mtoto wa watu. Akasogea, akachimba tena, akakuta kingine. Mnazi ulikuwa umezungukwa na vitovu. Bi Mize akacheka hadi machozi yakamtoka, akakizika cha Nunu katikati ya vingine.

Jioni walinzi walimpangusa nyayo hadi chembe ya mwisho, naye akapanda ngazi kifua mbele. Binti yake, Saada, alimpokea na Nunu mgongoni.

“Mama, umempatia nafasi?”

“Nimembananisha, ana wenzake tele. Siku watakaposhuka wote kwenda kwao, sijui hao walinzi watawaambia nini.”