Mstari wa Rangi ya Kucha

"Sasa gari limenyooka, mama. Hata ukiachia usukani, haliendi upande," fundi alisema, akimpa mkunga ufunguo.

Mkunga hakuupokea. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye grisi, akiwa na sare yake nyeupe, akachungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Nati ambayo lazima ilegezwe ili gurudumu linyooshwe, asubuhi alikuwa ameipaka mstari wa rangi ya kucha, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma ilichokazwa. Mstari ulikuwa mzima, mwekundu, haujakatika hata kidogo.

Damu ilimchemka. Kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na gari hili hupandwa na wanawe!

Alisimama, akafungua mlango wa abiria.

"Panda, fundi. Tunashuka mlimani, na usukani nitauachia."

Fundi hakupanda. Alikuwa ameshainama kutafuta spana.