Mahali pa Zenon

Mbwa alikataa kuingia msituni.

Genowefa alimvuta kamba, akamsukuma kwa goti, akamtolea maneno ambayo hakuwahi kumtolea marehemu mumewe. Burek alisimama pale pale njia inapogawanyika, macho ameyakaza kushoto, kwenye kijia kinachouzunguka msitu kwa nje hadi barabara ya lami.

"Twende mahali pa baba yako," alisema Genowefa. "Wewe unapajua. Nipeleke."

Kijiji kizima kilitaka kupajua. Kule kwao kila mchumaji uyoga ana mahali pake, na hapataji hata kwa ndugu wa tumbo moja. Humnong'oneza mtu mmoja tu, siku anapokata roho. Zenon, mume wa Genowefa, alikufa theluji ilipokuwa ikiyeyuka, ghafla, kikombe cha chai mkononi. Hakumnong'oneza mtu.

Asubuhi hiyo jirani yao, Leszek, alikuwa ameegemea ua wake, akamwita Genowefa kwa jina lake la kufupisha.

"Bi Genia, ukipapata mahali pa Zenon, nakuoa wiki hii hii."

"Na meno mawili hayo, Leszek? Utatafuna nini siku ya harusi?"

"Supu ya uyoga."

Genowefa alimpita bila kucheka. Uyoga wenyewe hakuutaka. Alitaka kupaona mahali penyewe tu, ajue kuna kitu gani hapo hata kikamfanya mwanamume amsahau mwanawe.

Witek alikuwa na miaka sita alipoingia msitu ule na baba yake, na baba akatoka peke yake. Wanaume wa vijiji vya jirani walisaka, askari wakaja, wakasaka tena mpaka theluji ikafunika kila kitu. Genowefa alilala akiutazama ukuta. Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kupukutika, Zenon alichukua kikapu akaenda kuchuma uyoga.

Tangu hapo hakuacha. Kila Jumamosi ya majira yale alirudi jioni na mikwaruzo mikononi, mashavu mekundu, kikapu kimejaa, sauti imemkauka.

"Nimeimba sana," alikuwa akisema. "Hewa ya msituni nzuri, Genia. Mtu hawezi kuishi bila vifuraha vidogo vidogo."

Genowefa aliusafisha ule uyoga, akautunga kwenye uzi juu ya jiko, wala asiuonje. Kuimba. Tena mle mle. Walizeeka katika nyumba moja, wakala meza moja, na kuimba kule hakumsamehe. Hata sasa fundi wa mawe ya makaburi alikuwa akingoja jibu: chini ya jina la Zenon aache nafasi ya jina la mke, au asiache? Alikuwa amemwambia fundi atamjibu Jumatatu. Moyoni alikwisha kumjibu.

Alilegeza kamba. Burek akashika kijia cha kushoto, mkia juu, kama anayekwenda kwao.

Walitokea barabarani. Kando ya lami palikuwa na meza, na nyuma ya meza mwanamke aliyejifunga kitambaa cha maua kichwani, mdogo kwake kwa miaka mingi, bado mzuri wa uso. Mbwa hakuomba ruhusa. Alijipenyeza chini ya meza, akajilaza juu ya gunia lililokunjwa, ambalo lilikuwa limebonyea katikati kwa kulaliwa.

"Burek, mtoro wewe," mwanamke alisema kwa upole. Kisha akainua macho, akaangaza njia nzima. "Bwana Zenon yuko wapi? Nimemwekea uyoga wake."

Akainua kikapu. Uyoga wa kofia za kahawia, shina limekatwa sawasawa, juu umefunikwa majani mabichi. Genowefa aliutambua mkato ule. Alikuwa ameusafisha miaka na miaka.

"Alifariki," alisema. "Mimi ni mkewe."

Mwanamke alipiga ishara ya msalaba. "Pole sana, mama. Mimi Bronka. Nilipoona haji nikasema labda ni miguu."

"Kwa hiyo alikuwa akinunua kwako."

"Kila Jumamosi, wakati wa kurudi nyumbani. Nilikuwa namtania, bwana Zenon, utamdanganya mama watoto mpaka lini?" Bronka alianza kutabasamu, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

Genowefa aliitazama meza, kiti kimoja, chupa ya chai, gunia la mbwa.

"Na mchana kutwa? Alikuwa akishinda hapa na wewe?"

"Hapa? Thubutu. Angekaa hata kidogo ningefurahi, mtu wa adabu vile. Alikuwa ananiachia mbwa, anaingia humo msituni, hatoki mpaka jua linazama."

"Akuachie mbwa kwa nini? Mbwa si wa kutembea naye?"

"Niliwahi kumuuliza. Akasema Burek ana kelele, na akibweka yeye hatasikia."

"Hatasikia nini? Uyoga unasema?"

Bronka alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono yake ilikuwa mikavu.

"Hilo ndilo sikuthubutu kumuuliza, mama. Nilikuwa namsikia tu nikiwa hapa, asubuhi mpaka jioni," alisema. "Huyo Witek aliyekuwa akimwita, aliwahi kumwitika?"