Vidole vya Pamba

Mlangoni mwa chumba cha wachezaji, Nuru alishindilia pamba ya mto kwenye vidole viwili vya glavu ya mumewe. Vita vilimwachia Bwire vidole vitatu tu mkono wa kushoto, na leo alikuwa anarudi golini.

“Vinakubana?”

“Hivyo havipo, vitabanwaje? Lakini ndivyo vinavyouma.”

“Basi turudi nyumbani, Baba Zena.”

“Nimechoka kukaa nyumbani.”

Dakika ya mwisho ikaja penalti. Bwire alijirusha, akaupangua mpira.

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Yeye alibaki kifudifudi kwenye nyasi, mikono kichwani, kama alivyozoea kule vitani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja. Vile viwili vya pamba tu ndivyo vilivyosimama wima.