Sumaku ya Fundi Mwanakheri

Fundi Mwanakheri alikuwa akimpima Raya gauni la harusi wakati shangazi wa Raya alipoiona sumaku kando ya cherehani. Ilitolewa kwenye spika ya redio mbovu, na kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni.

"Hebu vua hiyo bangili aliyokuletea mchumba wako," shangazi alisema. "Leo tutajua kama ni dhahabu kweli."

Raya aliivua kwa shida. Shangazi akaisogeza sumaku, bado imeota ndevu za pini, mpaka ikaigusa bangili. Bangili haikushtuka hata kidogo.

"Haivutwi!" Shangazi akapiga kigelegele. "Dhahabu tupu, mwanangu! Kijana wa watu tulimdhania vibaya."

Raya akacheka huku machozi yakimlengalenga. Fundi naye akacheka, akaichukua sumaku ili azing'oe pini zake. Kidoleni alikuwa amevaa subana, kile kikofia cha kumkinga na sindano. Kiling'aa manjano. Kilipita juu ya sumaku, kikarudi, kikapita tena bila kunaswa.

Raya akaacha kucheka.

"Bi Mwanakheri, subana yako ni ya dhahabu?"

"Dhahabu niipate wapi mie? Shaba hiyo. Sumaku inataka chuma tu, mwanangu."

Kigelegele cha pili kilimkwama shangazi kooni. Raya alibaki ameishikilia bangili kwenye ncha za vidole vyake, haivai, wala haiweki mezani.