Mishono ya Kuchora

"Soli imeshonwa kwa mkono?" mteja aliuliza, akikigeuza kiatu cha harusi ya mwanawe.

"Kila tundu, mzee wangu," bosi alijibu, huku akinikanyaga mguu chini ya meza.

Mishono ile niliichora mimi kwa kigurudumu chenye meno, kinachoacha alama kama za sindano, kwa amri yake. Kilichoishika soli kilikuwa gundi tupu.

Nilimwomba Mungu anitulize mkono. Nikakichukua kiatu, nikapenyeza ncha ya kisu kwenye kiuno cha soli, pale palipo pembamba, nikaibandua hadi kisigino.

"Wewe fundi, umepagawa?" bosi alifoka. "Vua aproni, toka hapa!"

"Nitatoka, bosi. Nikishaishona."

Nikavuta kigoda, nikaanza kuupaka uzi nta.