Wifi Asiyekula Unga Wetu

Pakiti ya tatu nayo ikapasuliwa, unga ukamwagwa kwenye pipa la taka juu ya maganda ya vitunguu. Mama Pacha alisimama mlangoni mwa jiko lake mwenyewe, mwiko mkononi, kama mgeni.

“Hivi mnajua mnakula nini?” wifi yake aliuliza, akikung’uta vidole kana kwamba ameshika panya aliyeoza.

Dada huyu wa mumewe alikuwa ametua jana kutoka ughaibuni, na tangu aingie hakuna kilichomridhisha. Godoro gumu, maji mazito, na sasa unga.

“Mahindi yaliyochezewa vinasaba! Imeandikwa hapa chini. Kule kwetu hata paka hapewi.”

“Lakini wifi, watoto wanakunywa uji wake mwaka wa pili sasa. Hawajaumwa hata tumbo.”

“Utajuaje? Kwani mnasoma?” Wifi alicheka kwa pua. “Wenzenu tulijaa barabarani na mabango mpaka maduka yakauondoa. Nyinyi mnabugia tu. Mtaa mzima mnanunua huu?”

“Mtaa mzima. Duka la kona halikosi.”

“Na hakuna anayeuliza?”

“Tuulize nini? Unga ni unga.”

Wifi alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili, kisha akasonya.

Mama Pacha alihisi uso ukimwaka. Unga haukumuuma sana. Kilichomuuma ni wanawe, waliokaa mezani na vikombe vitupu, wakimkodolea mama yao macho kama mtu aliyekuwa akiwalisha sumu. Hata hivyo akameza hasira. Anayekufokea hivi, alijiambia, bila shaka anakutakia mema.

“Ahsante kwa kutufumbua macho, wifi. Jioni nitawaambia na majirani.”

“Usiwaambie!” Wifi alidakia upesi. “Utawatia watu kiwewe bure.”

Simu yake ikaita. Alitoka kwenda barazani akiweka koti lake sawa, na sauti iliyokuwa ikifoka sasa hivi ikalainika ghafla. Mama Pacha, aliyekuwa ameinama akizoa unga uliomwagikia sakafuni, aliisikia vizuri kupitia dirishani.

“Ndiyo, mkuu, nimefika na nimejionea mwenyewe. Huku wanakula bila kuuliza. Ongezeni shehena, hata meli mbili zitaisha.”